Neno Hili Limetoka Wapi?



Siku hizi vijana wetu wengi wanajifunza Kiingereza. Wanakisikia kwa jirani zetu wa Uganda, wa Tanzania na wa Zambia, wanakisoma shuleni, na wakikutana na neno geni wanauliza maswali mawili: Maana yake nini? Tena, limetoka wapi? Mara nyingi wanajibiwa upesi mno. Mtu anayejua lugha kidogo anafikiri kidogo, anapata hadithi inayopendeza, na anaisema kama mtu aliyeona kwa macho yake. Msikilizaji anafurahi, naye anaipeleka kwa mwenzake. Baada ya miaka michache hadithi imekuwa elimu, wala hakuna anayeuliza tena nani aliyeileta.

Leo tunataka kueleza jinsi Waingereza wenyewe walivyojifunza kuyajibu maswali hayo mawili. Kazi yao ilidumu zaidi ya miaka 70, na wengi walioianza hawakuuona mwisho wake. Habari hiyo inatufaa na sisi, maana lugha zetu zinaulizwa maswali hayo hayo kila siku.

Tuanze na mtu mwenye sifa kubwa. Mwaka 1755 Samuel Johnson alitoa kule London kamusi ya Kiingereza, yaani kitabu kinachoeleza maneno. Alikuwa na makarani sita tu wa kumsaidia, hata hivyo alieleza maneno zaidi ya 40,000. Ni kazi ya kustaajabisha. Tena alifanya jambo jema: chini ya maneno mengi aliweka mistari ya waandishi waliomtangulia, ili msomaji aone neno likifanya kazi. Lakini mtu mmoja hawezi kujua yote. Johnson aliandika kwamba neno 'pastern' ni goti la farasi, kumbe ni sehemu ya mguu iliyo juu kidogo ya ukwato. Bibi mmoja alimwuliza kwa nini aliandika hivyo. Johnson hakutafuta maneno ya kujitetea. Alijibu kwamba sababu ni kutojua tu.

Jibu hilo lilikuwa la mtu mnyofu. Lakini penye hadithi tamu hata Johnson alinaswa. Waingereza wana jina la nyama nzuri ya ng'ombe, ile ya mgongoni karibu na kiuno: wanaiita 'sirloin'. Sasa neno 'sir' kwao ni cheo cha heshima ambacho mfalme humpa mtu kwa kumgusa begani kwa upanga. Basi watu walisimulia kwamba mfalme fulani alipoonja nyama hiyo alifurahi mno, akaipa nyama yenyewe cheo cha bwana mkubwa! Wengine walisema mfalme huyo ni Henry wa nane, wengine wakasema ni James wa kwanza, wengine Charles wa pili. Johnson naye aliitia hadithi hiyo katika kamusi yake. Lakini kesi yenye mashahidi wasiopatana, mwamuzi mwenye akili huitilia shaka. Ninyi mliosoma Kifaransa mnaweza kuliona jibu la kweli. 'Sur' ni juu ya, na 'longe' ni nyama ya kiunoni. Neno lilivuka bahari kutoka Ufaransa, na zamani Waingereza wengine waliliandika kwa 'sur', si kwa 'sir'. Hapakuwa na mfalme wala upanga.

Johnson alikwisha kufa mwaka 1784, lakini maswali hayakufa. Mwaka 1849 William John Thoms alianzisha London gazeti la kila juma, jina lake Notes and Queries, ndiyo kusema Maelezo na Maswali. Mtu huyu alipenda sana habari za desturi za wazee. Ndiye aliyetunga mwaka 1846 lile neno 'folklore' linalotumika leo hata katika Kifaransa. Katika gazeti lake mwenye swali aliliandika, na msomaji mwingine, pengine wa mji wa mbali, alilijibu. Wengi waliuliza juu ya maneno. Hapo watu walianza kuona kwamba ujuzi wa lugha haukai katika kichwa cha mtaalamu mmoja. Umetawanyika: kidogo kwa mkulima, kidogo kwa baharia, kidogo kwa mshona viatu. Lakini hatari ilibaki. Mmoja alijibu kwa ushahidi, mwingine alijibu kwa kukisia, na karatasi ya gazeti iliwabeba wote wawili bila ubaguzi.

Basi mwezi wa Novemba 1857 alisimama Richard Chenevix Trench, mkuu wa kanisa la Kianglikana la Westminster, mbele ya chama cha wapenda lugha wa London. Alionyesha upungufu wa kamusi zote za Kiingereza zilizokuwapo. Shauri lake lilikuwa hili: mwenye kutengeneza kamusi si hakimu wa kuchagua maneno mazuri na kuyafukuza mabaya. Yeye ni mwandishi wa historia. Kazi yake ni kulifuata kila neno tangu siku linapoonekana mara ya kwanza katika maandishi, kuonyesha jinsi maana yake inavyogeuka, na, kama limekufa, kusema lilionekana lini mara ya mwisho. Tena Trench alisema kwamba kazi ya namna hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja. Inataka jeshi la watu.

Sisi Wakatoliki tunaweza kuifahamu shauri hiyo kwa urahisi. Katika kila parokia kuna kitabu cha ubatizo. Mtu akidai kwamba alibatizwa mwaka fulani, padri habishani naye, anafungua kitabu. Humo mna jina, siku, mwaka, wazazi, na msimamizi. Trench alitaka maneno nayo yawe na kitabu cha namna hiyo.

Msimamizi wa kwanza wa kazi alikuwa kijana Herbert Coleridge. Alitengeneza sanduku lenye vyumba vidogo 54 vya kuwekea vikaratasi, akafikiri vitatosha. Kifua kikuu kilimwua mwaka 1861, naye alikuwa na miaka 30 tu. Akafuata Frederick Furnivall, mtu wa moto sana, lakini mwenye kuanza mambo mengi pamoja. Alitafuta wasomaji, akagawa vitabu, akatuma barua. Kisha watu walichoka, wengine walikufa, na vikaratasi vilibaki mikononi mwa jamaa zao. Miaka karibu 20 ilipita, na hapakuwa na hata ukurasa mmoja uliochapwa. Wengi walisema kazi imekufa.

Aliyeifufua alikuwa James Murray. Alizaliwa mwaka 1837 katika kijiji cha Denholm kule Scotland, mtoto wa fundi wa kushona nguo. Aliacha shule akiwa na miaka 14, kwa maana nyumbani hapakuwa na fedha ya kumsomesha zaidi. Lakini hakuacha kujifunza. Alijifundisha lugha moja baada ya nyingine, akawa mwalimu, kisha karani wa benki, kisha mwalimu tena katika shule ya Mill Hill karibu na London. Mwezi wa Machi 1879 alipatana na kiwanda cha kuchapa vitabu cha Oxford: kamusi itamalizika kwa miaka kumi.

Vikaratasi vya Furnivall vililetwa kwake, uzito wake karibu tani mbili. Hali yake ilisikitisha. Katika gunia moja mlikuwa na panya aliyekufa. Vikaratasi vya herufi H vilikuwa vimefika mpaka Florence, kule Italia. Vya maneno yanayoanza kwa Pa vilipatikana Ireland katika banda la farasi, na vingi vilikwisha tumiwa kuwashia moto. Fikirini, ndugu: mtu alikaa usiku kusoma na kunakili, na kazi yake ikachemsha maji ya chai!

Murray alijenga bustanini nyumba ya mabati, akaiita Scriptorium, jina la Kilatini la chumba ambamo watawa wa zamani walinakili vitabu. Alitia humo vyumba vidogo zaidi ya elfu moja. Kisha, mwaka ule ule wa 1879, alichapa tangazo kwa watu wote wanaosema na kusoma Kiingereza, hata wa Marekani na wa makoloni. Aliomba wasomaji elfu moja. Sheria yake ilikuwa nyepesi. Soma kitabu. Ukiona neno linalotumika kwa namna ya kuangaliwa, chukua kikaratasi. Andika neno juu, kwenye pembe. Chini yake andika mwaka, jina la mwandishi, jina la kitabu, na ukurasa. Kisha nakili sentensi yenyewe kama ilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Basi. Msomaji hakuombwa kueleza neno. Aliombwa kuwa shahidi tu.

Watu waliitika: walimu, wachungaji, wanawake wa nyumbani, wazee waliokwisha kuacha kazi. Mmoja wa walioleta zaidi alikuwa William Chester Minor, Mmarekani, aliyekuwa zamani daktari wa askari. Akili yake iliugua, na mwaka 1872 alimwua kule London mtu asiyemkosea neno. Mahakama ilimwona ni mgonjwa, ikampeleka Broadmoor, mahali pa kuwafungia wagonjwa wa namna yake. Huko, kati ya vitabu vyake, kwa miaka mingi alitoa maelfu na maelfu ya vikaratasi vilivyoandikwa vizuri sana. Kazi haikumponya, wala haikumrudishia uhai yule aliyekufa. Lakini mtu ambaye dunia ilimfungia mlango aliweza bado kuwa na faida kwa wenzake.

Watoto wa Murray, ambao walikuwa kumi na mmoja, nao walipanga vikaratasi kwa kufuata alfabeti ili wapate senti zao za matumizi. Mwaka 1885 jamaa yote ilihamia Oxford. Posta iliweka sanduku jekundu la barua mbele ya nyumba yao, kwa sababu ya wingi wa barua alizoandika Murray. Je, aliwaandikia nani? Penye neno la mimea aliuliza wakuu wa bustani ya Kew. Penye neno la mashua za makaa ya mawe aliuliza mfanya biashara wa bandari ya Newcastle. Neno likiwa la mashairi alimwuliza mshairi Tennyson mwenyewe alilitoa wapi. Na penye jambo la mafundisho ya Kikatoliki, Murray, ambaye hakuwa Mkatoliki, hakujitungia jibu: alimwandikia padri Mjezuiti. Hiyo ndiyo adabu ya elimu. Neno la wavuvi uliza wavuvi, neno la wafua chuma uliza wafua chuma.

Jambo moja lilimsumbua sana. Wasomaji walipenda kunakili maneno ya ajabu, wakayaruka ya kila siku. Kwa neno 'abusion', ambalo lilikuwa limekwisha kufa, alipata vikaratasi kama 50. Kwa neno 'abuse', ambalo kila mtu analitumia, havikufika hata vitano. Ndivyo tulivyo wanadamu. Kitu cha kila siku hatukioni, mpaka kitakapopotea.

Sehemu ya kwanza ilitoka mwezi wa Februari 1884. Ilikuwa na kurasa 352, nayo ilikwenda kutoka A mpaka neno 'ant', maana yake sisimizi. Miaka mitano kati ya ile kumi ilikwisha kupita, na Murray alikuwa amefika kwa sisimizi! Wakuu wa Oxford waliona fedha inakwisha, wakamhimiza afupishe na kuharakisha. Murray alikuwa karibu kuiacha kazi. Lakini hakukubali kuandika jibu lisilo na shahidi. Waliongezwa wasimamizi wengine, Henry Bradley, kisha William Craigie na Charles Onions, kazi ikaendelea.

Sasa mtauliza: Taabu hiyo yote ilizaa nini? Tuchukue mifano mitatu inayogusa imani yetu.

Neno 'bead' leo ni shanga. Lakini mashahidi wa kale wanaonyesha kwamba kwanza maana yake ilikuwa sala. Ni ndugu wa neno la Kijerumani 'Gebet', ambalo hata leo ni sala. Watu walihesabu sala zao kwa vidonge vilivyotungwa katika uzi, kama sisi tunavyofanya kwa rozari, na polepole jina la sala likahamia kwenye kidonge. Mwaka 1571, katika utawala wa Malkia Elizabeth wa kwanza, sheria ilikataza kuingiza Uingereza shanga zilizobarikiwa Roma. Lakini sheria haikuweza kulikataza neno. Mpaka leo Mwingereza anayenunua shanga za shingoni sokoni anazitaja kwa jina la sala, na pengine hajui.

Mfano wa pili ni 'tawdry', maana yake kitu chenye kung'aa lakini cha ovyo. Mtakatifu Etheldreda, ambaye watu walimwita pia Audrey, alikuwa malkia aliyeanzisha monasteri ya Ely na kufa mwaka 679. Mtakatifu Beda anasimulia kwamba alikufa kwa uvimbe wa shingo, naye aliupokea kama malipo ya mikufu aliyoipenda ujanani. Siku ya sikukuu yake palikuwa na soko, na humo waliuza utepe wa hariri wa kuvaa shingoni, wakauita kwa jina la Mtakatifu Audrey. Baadaye utepe ulikuwa wa bei rahisi, na jina likashuka pamoja nao.

Mfano wa tatu unahuzunisha. Mwaka 1247 ilianzishwa London nyumba ya watawa ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Baadaye nyumba hiyo ikawa hospitali ya wenye wazimu, na watu walifupisha jina lake: Bethlem, kisha 'Bedlam'. Leo 'bedlam' kwa Kiingereza ni makelele na fujo. Jina la mji aliozaliwa Mfalme wa Amani limekuwa jina la vurugu! Ni nani angeweza kukisia hayo? Kwa kukisia hatungefika. Vikaratasi vyenye miaka vilifuatana kimoja baada ya kingine, vikaonyesha njia.

Lakini kitabu hicho hakikukosa makosa. Katika kazi ya herufi B kikaratasi cha neno 'bondmaid' kilipotea, na kitabu kilitoka mwaka 1888 bila neno hilo. Maana yake ni kijakazi, mwanamke mtumwa. Walilirudisha mahali pake mwaka 1933, katika kitabu cha nyongeza.

Murray alipewa cheo cha 'sir' mwaka 1908, cheo cha kweli, si kama cha nyama. Alifariki mwezi wa Julai 1915, mwenye miaka 78, akiwa katika herufi T. Bradley alimfuata mwaka 1923. Kati ya wasaidizi wa mwisho alikuwapo kijana Mkatoliki aliyetoka vitani, J. R. R. Tolkien, ambaye baadaye alijulikana duniani kote kwa hadithi zake. Miaka ya 1919 na 1920 yeye alishughulika na maneno ya herufi W. Sehemu ya mwisho ilitoka mwezi wa Aprili 1928. Maneno yaliyoelezwa yalikuwa 414,825, na mashahidi walionakiliwa 1,827,306. Miaka 71 ilikuwa imepita tangu hotuba za Trench.

Wala kazi haijaisha. Mwaka 1989 kamusi hiyo ilitoka tena katika vitabu 20, na siku hizi husomwa katika intaneti. Bado wanauliza watu wote: nani ameona neno hili mapema zaidi? Hata Afrika imetoa maneno. 'Safari' Waingereza waliichukua kwa Waswahili, ambao waliipata kwa Waarabu. 'Okapi' ni mnyama wa msitu wetu wa Ituri, ambaye wataalamu wa Ulaya walimpa jina la kitaalamu mwaka 1901. Wenyeji wa msitu walikuwa wakimwita hivyo zamani.

Na sisi je? Wamisionari wengine walifanya kazi ya namna hii katika lugha zetu. Padri Charles Sacleux aliishi miaka mingi katika pwani ya Afrika ya Mashariki, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilianza kutoka Paris mwaka 1939. Padri Gustaaf Hulstaert alitoa mwaka 1957 kamusi kubwa ya Kilomongo, lugha ya Wamongo wa hapa Kongo. Wao waliandika, lakini waliojibu ni wazee wetu, wawindaji, wavuvi na mama wa nyumbani.

Wazee hao wanapungua. Majina ya miti ya dawa, ya mitego, ya nyavu, ya vyungu na ya hatua za kufua chuma yanakwenda nao. Vijana wanajua jina la simu mpya, hawajui jina la chombo ambacho babu yao alichonga nacho mtumbwi. Miaka hamsini ijayo mtoto atauliza, na jirani atamjibu kwa hadithi ya mfalme na nyama.

Basi tufanye hivi. Mwenye daftari alifungue. Kila juma amwendee mzee mmoja, amwombe neno moja la kazi yake. Aandike neno, kijiji, siku na mwaka, na sentensi nzima kama mzee alivyoisema kwa kinywa chake. Asiyaache maneno ya kila siku. Asiongeze maelezo yake mwenyewe. Na akiulizwa neno asilolijua, asione haya kusema: "Sijui, lakini nitamwuliza anayejua." Kisha daftari lisiwekwe karibu na jiko.